KILWA: MWISHO WA BARABARA TUIPITAYO KILA SIKU

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama unakaa Temeke, hapana shaka umelitamka jina la Kilwa mara nyingi kuliko jina la kijiji alikozaliwa babu yako. Daladala unapanda Barabara ya Kilwa. Mgeni wako unamwelekeza ashuke Mtoni kwa Aziz Ali, Barabara ya Kilwa. Mwezi wa Saba ukifika, watoto unawapeleka kwenye Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Nawe unayekaa Kinondoni, Mwananyamala au Mwenge unayo yako: Barabara ya Bagamoyo, ambayo kipande chake cha mjini kimepewa jina la Rais wa Awamu ya Pili, Ali Hassan Mwinyi.

Basi jiji letu, kusini na kaskazini, lina barabara zenye majina ya miji iliyokuwa ikitajika kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kufika mwisho wa barabara hizo? Bagamoyo kuna wanaokwenda, maana ni kilomita 70 tu, na aghalabu hurudi jioni ile ile wakisema hawakuona kitu ila magofu na bahari. Kilwa ni mbali zaidi, na hadithi yake ni kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, masikitiko yake nayo ni makubwa zaidi.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenikuta mimi mwenyewe, pamoja na jamaa yangu. Nakusimulia ili siku utakapokwenda, nawe yapasa uende, usije ukarudi na uso ulioanguka kama tulivyokaribia kurudi sisi.

AHADI KWA MTOTO

Sisi tumepanga vyumba viwili Mtoni. Siku moja tukiwa ndani ya daladala, mwanangu aliniuliza: "Baba, Kilwa ni kituo gani? Mbona hatujawahi kushuka?" Abiria walicheka, nami nikacheka. Lakini alipofika darasa la tano, akasoma katika somo la historia kwamba Kilwa ulikuwa mji mkubwa wa biashara uliotengeneza sarafu zake wenyewe, swali lile lilirudi, na safari hii halikuwa la kuchekwa. Nikamwahidi kwamba tutakwenda.

Ahadi kwa mtoto, msomaji, ni deni lisilo na risiti. Ilituchukua miezi kadhaa kuweka akiba. Mama watoto alikuwa na mpango wake mwingine wa fedha zile: bati za banda la kupikia uwani, maana lililopo linavuja. Alikubali kuliahirisha. Kijana naye alikwisha kuwatangazia wenzake darasani kwamba anakwenda kuliona jumba la sultani, na mwalimu wake akamwambia akirudi asimame mbele aeleze aliyoyaona na kuyachora. Kwa hiyo tulipoondoka, tulikuwa na mzigo mkubwa kuliko vikapu vyetu.

NJIANI

Safari yenyewe haina haja ya maelezo mengi. Mabasi ya kusini utayapata Mbagala Rangi Tatu. Ukishaipita Kongowe na Vikindu, mji unakuachia, na minazi na mikorosho ya Mkuranga inakupokea. Baada ya Kibiti na Ikwiriri utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo abiria wa kusini walikuwa wakingojea pantoni pale Ndundu, na mto ukifurika walingoja mpaka ukatulia. Hata sasa njia hiyo haijazoea mvua: mwezi wa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara maeneo ya Somanga.

Pale Nangurukuru utaiacha barabara ya Lindi na kupinda kushoto kwenda Kilwa Masoko. Jumla ya safari ni kilomita zipatazo 300. Masoko ndiko makao ya wilaya, na ndiko unakopata kibali cha kuyatembelea magofu. Toka kwenye gati, kisiwa unakiona kwa macho. Mkondo wa bahari ulioko kati ni kama kilomita mbili tu, na mashua za wenyeji hukuvusha.

MJI UKO WAPI?

Toka mbali utafurahi. Mbele yako, karibu na maji, limesimama boma la mawe lililoliwa upande mmoja na bahari. Hilo ndilo Gereza. Mwanangu alisimama ndani ya mashua hata nahodha akamwamuru akae.

Lakini ukishashuka na kuanza kutembea, ndipo mambo yanapobadilika. Njia ni ya mchanga na vichaka. Jua ni kali. Mibuyu ni mingi kuliko kuta. Unafika mahali unaambiwa hili lilikuwa jumba, nawe unaona ukuta mmoja unaokufika kifuani na mti uliopenyeza mizizi yake katikati ya mawe. Unaambiwa hapa palikuwa na watu matajiri, nawe unaona mbuzi watatu. Nyumba za wakazi wa leo ni za miti na udongo na makuti, na nyingine za bati. Hakuna duka la kununua soda wala kibanda cha kukupa kivuli.

Tulipomaliza nusu saa, hakuna aliyekuwa akizungumza. Nilijua mama watoto anawaza nini: bati. Mtoto mdogo alilala mgongoni mwangu. Kijana mkubwa aliishika kalamu yake na daftari alilolibeba toka Mtoni, na ukurasa ulikuwa mweupe. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuniudhi: "Baba, mji wenyewe uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Alilipata kwa mzee mmoja wa pale kisiwani aliyekuwa ameketi kivulini akishona jarife lake. Baada ya kumwamkia shikamoo, kijana alimwuliza swali lile lile. Mzee hakukasirika. Alimtazama miguuni, akamwambia: "Mjukuu wangu, umekwisha kufika. Hapo ulipokanyaga ni ukumbini kwa watu."

Tukatazama chini. Kweli, mchangani palikuwa na vipande vya vyungu, na kimoja miongoni mwao kilikuwa cheupe chenye kung'aa, kama kigae cha sahani ya chai. Kiongozi wetu, kijana mwenyeji, alitueleza kwamba vigae kama hivyo vilitoka Uchina kwa merikebu, karne nyingi zilizopita. Akatuonya tusiviokote, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda.

Toka hapo tulianza upya. Na ndilo jambo ninalotaka kukueleza leo: Kilwa haikudanganyi, bali wengi wetu twaenda kutafuta kitu kisichokuwapo, na kilichopo tunakikanyaga.

MJI ULIOSIFIWA NA WASAFIRI

Ni kitu gani kilichokuwapo? Mwaka 1331 msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mogadishu na Mombasa akafika Kilwa. Alikuwa ameona miji mikubwa ya dunia ya wakati ule, na baadaye angefika hata Uchina. Hata hivyo, aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri yenye majengo bora.

Utajiri wa mji huo ulitoka mbali. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na toka huko ikapandishwa na majahazi hadi Kilwa. Pepo za kaskazi zilileta merikebu za Uarabuni na Bara Hindi zikiwa na nguo, shanga na vyombo. Pepo za kusi zikazirudisha zikiwa na dhahabu na pembe za ndovu. Kilwa ilikaa mahali ambapo chombo chaweza kuja na kurudi kwa msimu mmoja wa pepo. Mbele zaidi ya hapo, nahodha hujitia katika hatari ya kukwama mpaka mwaka mwingine.

Masultani wake walifua sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Suleiman, yule yule aliyempokea Ibn Battuta, imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa mbali zaidi, katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanajadiliana.

Sultani huyo aliitwa kwa jina la sifa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba fukara mmoja toka Yemen alimsimamisha akitoka kuswali, akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani aliingia ndani, akabadili, na zile za kwanza akampa. Alipofariki, akatawala ndugu yake Daud, aliyekuwa kinyume chake kabisa. Mwombaji akija, Daud alikuwa akimjibu kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Mwanangu aliipenda hadithi hii kuliko zote, nami nashuku ni kwa sababu ananifahamu ninapoombwa fedha mwisho wa mwezi.

KWA NINI HAKUKUBAKI KITU

Sasa sikiliza jambo ambalo lingetuokoa na masikitiko, kama tungelijua kabla ya kuondoka. Ibn Battuta huyo huyo, aliyeisifu Kilwa, aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za mbao na zimeezekwa kwa majani!

Hapo wengi hushangaa, maana Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo wakati huo, na jumba la Husuni Kubwa ni la zama za sultani huyo huyo. Yaonekana aliyoyaeleza msafiri ni makao ya watu walio wengi: mabaharia, wavuvi, wafua shaba, wasusi wa mikeka, wachukuzi wa gatini. Hao walikaa katika nyumba za miti. Na nyumba ya miti, kama tunavyofahamu sisi tuliokulia uswahilini, haingoji miaka 700. Mchwa, mvua na moto huimaliza, na mwenyewe hujenga nyingine pale pale.

Kwa hiyo, magofu unayoyaona ni sehemu ndogo tu ya mji. Ni misikiti, maboma na majumba ya wakubwa. Mji wa wafanyakazi haukuacha kuta, uliacha vigae vya vyungu, visima na makaburi. Mgeni anayehesabu kuta peke yake ni kama mtu atakayekuja kuitazama Dar es Salaam miaka elfu ijayo, akayakuta majengo ya benki ya mjini, kisha akaandika kwamba Temeke, Manzese na Mwananyamala hapakuwa na watu.

Hata majumba ya mawe nayo yana historia yake ya kuanguka. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akalazimisha Kilwa ilipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwezi wa Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu za vita. Askari wake waliushambulia mji, wakaupora, wakajenga ngome. Miaka saba haikutimia vizuri kabla hawajaiacha ngome hiyo, mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu ilikwisha kuvurugika. Gereza tuliloliona toka mashuani lilijengwa upya baadaye na Waomani mahali hapo pa ngome ya Wareno. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno hili "gereza" limetokana na neno la Kireno la kanisa. Tazama jinsi neno linavyoweza kuhama: limetoka kwenye nyumba ya ibada, likapita kwenye ngome, likaishia kwenye mahali pa kufungia wahalifu.

Tusimfiche mtoto sehemu nyingine ya historia. Ibn Battuta anataja pia kwamba sultani yule mkarimu alikuwa akivamia watu wa bara na kuteka mali. Na Kilwa ilipofufuka katika karne ya 18, ilifufuka kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa wakati huo alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, pale bara, na misafara toka pande za Ziwa Nyasa ikawa inaishia huko. Kisiwa kikabaki na mibuyu yake. Mwanangu aliponiuliza kama wale waliouzwa nao walikuwa watu wetu, nilimjibu kwamba ndiyo, na wale waliowauza vile vile. Jibu hilo halimo katika sifa za mji, lakini bila hilo hujaufahamu.

YALIYOPO YA KUTAZAMA

Baada ya kuelezwa hayo, tulirudi mahali pale pale tulipopita asubuhi, na hatukuona yale yale.

Katika Msikiti Mkuu, sehemu ndogo ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Sehemu kubwa yenye nguzo, matao na kuba iliongezwa katika karne ya 14. Kaa chini ya kuba mojawapo utazame juu. Kisha jiulize: walizishikilia vipi bila saruji wala nondo? Mawe ni matumbawe ya baharini na ya nchi kavu. Tumbawe bichi la baharini ni laini, huchongeka kama mhogo, kisha hukauka likawa gumu. Mawe mengine yalipangwa juu ya lundo la kuni na kuchomwa mpaka yakawa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyoshikamanisha ukuta. Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, umehifadhika vizuri, nao utakupa picha ya jinsi mwingine ulivyokuwa.

Kisha vumilia mwendo hadi Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Jumba hili la mwanzo wa karne ya 14 lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Watoto wetu walishuka ngazi zake wakazihesabu pembe, mmoja kushoto, mwingine kulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisikia kicheko.

Lakini kilichomvutia zaidi kijana ni vyumba. "Baba," alisema, "mbona vyembamba?" Naam, ni virefu lakini ni vyembamba, na sababu yake yafaa kila mtu aijue. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, zilizokatwa pwani hii hii yetu, mathalani kwenye delta ya Rufiji. Boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa haiendi mbali sana. Kwa hiyo upana wa chumba haukuweza kuzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Fundi aliyetaka nafasi kubwa zaidi hakuwa na budi kujifunza kujenga kuba na matao. Mwanangu alitoa kamba ya kufungia kikapu, akapima toka ukuta hadi ukuta, akaifunga fundo.

Wakati wa kurudi gatini tulipita tena kwa yule mzee. Nyumba yake ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uwani nyuma ambako mkewe alikuwa akikuna nazi. Tulikaribishwa maji. Mama watoto aliingia uwani kuamkia, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka alikuwa amejifunza namna yao ya kukausha pweza. Aliniambia kwa mara ya kwanza kwamba hajutii.

USHAURI KWA JAMAA ITAKAYOKWENDA

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa jamaa, naomba nikuachie mambo machache ya kufuata.

Kwanza, soma au simulieni kabla ya kwenda. Magofu hayasemi yenyewe. Mtoto aliyeelezwa habari za dhahabu, pepo na sarafu ataona bandari. Asiyeelezwa ataona mawe.

Pili, chukua kiongozi mwenyeji, nawe mlipe bila kinyongo. Pia nunua samaki au nazi kwa watu wa kisiwani. Wao ndio wanaoishi na urithi huu kila siku, na mara nyingi mgeni huwapita kama kwamba nao ni vichaka.

Tatu, beba maji, chakula na kofia, vuka asubuhi mapema, na usipange kurudi Dar es Salaam siku ile ile. Lala Masoko. Ukiweza, siku ya pili nenda Kilwa Kivinje, ukaone mji mwingine uliopauka, na mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Nne, usiokote wala usichonge jina lako ukutani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya jirani yake, Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kubomoka na kuliwa na bahari. Baada ya kazi kubwa ya kukarabati, yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Kazi ile ilifanywa jiwe kwa jiwe. Usiirudishe nyuma kwa ajili ya kumbukumbu ya mfukoni.

Tano, na hili ni kubwa: usimwambie mtoto kwamba anakwenda kuona mji mzuri. Mwambie anakwenda kuutafuta.

TULIPORUDI MTONI

Tulifika nyumbani usiku. Kabla ya kuvua viatu, kijana aliitoa kamba yake yenye fundo, akaitandika sakafuni toka ukuta wa chumba chetu hadi ukuta wa pili. Kamba haikufika pande zote mbili. Chumba chetu cha kupanga kilikizidi chumba cha Husuni Kubwa kwa upana wa kiganja!

Sikusema kitu. Nilitazama tu ile nyumba tunayoishi na wapangaji wenzetu: baraza mbele wanapokaa wazee jioni, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma penye mabomba na majiko. Kuta ni za matofali ya saruji na paa ni la bati, lakini ramani yake haikutofautiana na ile ya mzee wa kisiwani. Nyumba kama hiyo ndiyo iliyojenga Kariakoo, Magomeni na Temeke, na aghalabu tunaitaja kwa dharau, kama kwamba ni kitu kilichookotwa. Kumbe ina ukoo.

Darasani, siku alipoitwa mbele, kijana hakuchora jumba la sultani. Alichora birika lenye pembe nane, na kando yake nyumba ya makuti yenye baraza, akaandika chini ya picha zote mbili neno moja: Kilwa. Mwenzake mmoja alimcheka kwamba amechora nyumba ya kijijini. Alimjibu kwa habari za Ibn Battuta, kisha akaitoa kamba. Walipima darasa, wakapima ofisi ya mwalimu, na siku iliyofuata, nasikia, wengine walikwenda kupima makwao.

Nikukumbushe jambo la mwisho, msomaji. Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, na toka mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako huendesha mitambo ya umeme. Huenda taa iliyo juu ya kichwa chako inawashwa na nguvu itokayo pwani ile. Kilwa, basi, haijaacha kufanya biashara. Ni sisi tulioacha kuitazama.

Banda letu la uwani bado linavuja. Mama watoto ameanza kuweka akiba upya, na safari hii ni zamu yake kweli. Lakini siku konda atakapopaza sauti pale Mtoni akiita abiria wa Barabara ya Kilwa, mwanangu hataniuliza tena ni kituo gani. Nawe, kama wako ameanza kukuuliza, usicheke na abiria. Anza kuweka akiba kidogo kidogo. Barabara ni hiyo hiyo unayoipita kwenda kazini, isipokuwa mwisho wake uko mbele kidogo.